Nani Ataufungua Mwiko wa Samaki

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, mwanamke mmoja wa Tumbe alimkalisha binti yake kwenye benchi la kituo changu cha dawa, akamfunua kanga, akasema, "Mtazame mwenyewe, bwana dakta. Miye nshachoka kusimulia." Saa naikumbuka kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimeteremsha sufuria ya sindano kutoka kwenye stovu, na kazi hiyo niliimaliza saa mbili na robo kila siku niliyofanya kazi, mvua ikinyesha au jua likiwaka.

Mtoto alikuwa na miaka minne au mitano. Mgongo mzima na mapaja yalikuwa yamejaa mabaka yaliyoinuka juu ya ngozi, mengine madogo kama punje za kunde, mengine mapana kama kiganja, kingo zimevimba na katikati pamefifia. Alikuwa akijikuna kwa nyuma ya kucha, taratibu, kama mtu aliyekwisha kujifunza kuwa kujikuna kwa nguvu hakusaidii. Ungemwona ungedhani ameangukia kichaka cha upupu.

Nitarudi kwenye benchi hilo. Kwanza niseme kwa nini naandika. Siku mliponiaga, vijana wangu wa kituo, mmoja wenu aliniuliza nimepanda vyeo vingapi, na mwingine akaniuliza katika miaka yote ile nimeokoa nini. Swali la kwanza halina faida kwa mtu yeyote. La pili sikulijibu siku ile kwa sababu chai ilikuwa inapoa na hotuba zilikuwa ndefu. Najibu sasa.

Kazi nilianzia katika spitali ya Chake Chake, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa mfagiaji wa chumba cha kufungia vidonda. Nilipanga chumba Madungu na nilikwenda kazini kwa miguu. Aliyenifundisha kila kitu ni Mzee Suleiman, dresa mkubwa wa chumba hicho, mtu mfupi aliyevaa kofia ya mkono hata anapofanya kazi na ambaye sikumsikia akipandisha sauti hata mara moja. Siku aliyonitoa kwenye ufagio, alinipa bendeji moja na kunionyesha meza. "Mguu ule umevunjika," alisema. Nikaufunga. Akaja, akaugusa kwa kidole, akaifungua bendeji yote. "Huyu umembana, kidole kimeoza." Nikaufunga tena. "Huyu umemlegezea, bendeji ishamvuka." Mpaka adhuhuri nilikuwa nikiutibu mguu wa meza. Jioni yake alinipa mgonjwa mwenye damu, na mgonjwa huyo hakuwa na la kulalamika.

Mzee Suleiman alikuwa na desturi ambayo naiandika hapa kwa sababu bila hiyo kisa changu hakiendi. Mtoto akiletwa, hata kama ameletwa kwa jipu la kisigino, swali lake la kwanza kwa mama lilikuwa: "Jana amekula nini?" Siku moja nilimwuliza chakula kinahusiana nini na jipu. Alisema, "Jipu naliona. Jana yake siioni."

Mambo mengine nilijifunza mwenyewe. Nilinunua kitabu kikubwa cha tiba cha Kiingereza kutoka kwa karani aliyekuwa akihama, nikawa nakisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, na siku ngumu nusu ukurasa. Kilikuwa kitabu kizuri isipokuwa sura ya magonjwa ya ngozi, ambayo mchwa walikuwa wameimaliza kabla yangu. Nilipopelekwa kaskazini kushika kituo peke yangu, nilikuwa najua habari ya moyo, ini na mifupa kuliko nilivyopata kuhitaji, na habari ya ngozi nilijua kile tu nilichokiona kwa macho.

Na nilichokiona kwa macho ni hiki. Nilikuwa sijamaliza miezi miwili kaskazini, katika kituo kingine kabla ya kile chenye benchi, yalipoingia mafua makali. Nyumba nzima zililala, kutoka babu mpaka mtoto wa mgongoni. Yalipokwisha, walianza kuletwa watoto waliokuwa wamepona homa, wanacheza, wanakula, lakini wamejaa mabaka ya kuvimba na kuwasha. Yakitoka mgongoni asubuhi, adhuhuri yako tumboni, magharibi hayapo. Niliwapaka kalamini, dawa ya kutuliza mwasho, niliwaambia mama zao wawaogeshe maji baridi na wasubiri. Karibu wote walipona kwa siku chache, nami nikapata sifa ambayo kwa haki ilikuwa ya siku zenyewe. Leo kila kijana anayevaa koti jeupe analijua neno virusi na anajua kuwa mtoto akishapata maambukizo hayo, mwili wake huweza kubaki na mabaka kwa muda. Sisi tulisema "baada ya mafua" na tukaishia hapo.

Mtoto wa benchi langu, Asha, hakupona kwa siku chache. Nilipomwuliza mama yake, Bi Mize, mabaka yameanza lini, alijibu, "Tangu mafua yale." Mafua yale yalikuwa yamepita zaidi ya mwaka.

Nikauliza swali la Mzee Suleiman. "Jana amekula nini?"

"Muhogo."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Kitoweo?"

"Hana kitoweo huyu. Ana miiko."

Nje ya mlango, Bwana Faki, baba wa mtoto, alikuwa ameegemeza baiskeli yake ukutani. Kazi yake ilikuwa kununua samaki ufukweni Tumbe na kuwapeleka Wete kwa baiskeli, na matenga mawili yaliyofungwa nyuma yalikuwa bado yanadondosha maji. Harufu ya tasi wabichi ilijaa kituo kizima. Nilipiga goti mbele ya mtoto, nikabonyeza unyayo wake kwa dole gumba, nikaondoa dole. Shimo likabaki. Nikazitazama nywele: zilikuwa nyepesi na zimegeuka rangi kama makumbi ya nazi. Mabaka yale, pamoja na ukali wake wote, hayakuwa yakimuua. Alikuwa anakufa njaa, na baba yake amebeba samaki.

"Huyu apewe samaki leo," nikasema.

Bi Mize alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Mwiko wa mtu huo, bwana dakta. Utavunjwaje?"

Nyinyi mliozaliwa baadaye huenda mkaona huu ulikuwa ukaidi. Haukuwa. Kwetu, anayemtibu mgonjwa humpa na mwiko, kitu asichokila wakati wa tiba, na mwiko ni mali ya aliyeutoa. Hauvunji mgonjwa, hauvunji mzazi, wala haufungui mtu wa njia. Huufungua mwenyewe aliyeufunga. Ni utaratibu, na una akili yake, maana ndio unaomrudisha mgonjwa kwa tabibu wake akaonekane amepona au la. Tatizo la Asha ni kwamba alikuwa na miiko mitatu kutoka kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyerudiwa.

Nilimwomba Bi Mize aitaje.

"Samaki na kila cha baharini, kampa bibi yake mzaa baba, Bi Chumu. Nazi na embe, kampa Mwalimu Makame wa chuoni alipomwandikia kombe." Akalitazama koti langu. "Na kuku na mayai, wa kwenu huo."

"Wa kwetu vipi?"

"Kampa dakta aliyekuwa hapa kabla yako. Kasema asile mpaka amwambie."

Mwenzangu huyo alikuwa amehamishiwa Unguja siku nyingi. Faki aliingilia kutoka mlangoni. "Mize, mwache bwana wa watu. Miye nshaamua. Kuna mganga Tanga, nampeleka. Mnunuzi wa baiskeli anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, bei tushapatana."

"Bwana Faki," nikasema, "watu wa Tanga huvuka bahari kuja kutafuta waganga Pemba."

"Ndiyo maana wa kule wana nafasi," alijibu.

 Lakini nilijua mambo matatu. Mtoto mwenye miguu ile hafiki Tanga na kurudi, na mganga wa Tanga angeongeza mwiko wa nne. Na baba asiye na baiskeli hangekuwa na samaki wa kumpa hata miiko yote ikifunguliwa. Nikaona nina mpaka Ijumaa ile, na nikaamua kuifuata miiko mmoja mmoja, kwa wenyewe.

Wa kwanza ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Nilimwambia Bi Mize, "Yule bwana hayupo, lakini kiti chake nakikalia miye. Hili koti ni lake, na doa hili la ayodini ni lake pia, nimelikuta. Dawa zake nnazo, wagonjwa wake nnao, na mwiko wake nnao. Nimeufungua."

Alilitazama doa. "Haya," akasema. "Huo umefunguka."

Sikutaka kufanya haraka, hata hivyo. Mabaka ya namna ile mara nyingine huja na uvimbe wa mdomo na macho, na Bi Mize aliniambia Asha amewahi kuvimba hivyo. Kesho yake tulipanda gari la abiria mpaka Chake Chake, mtoto kwenye mapaja yangu, kwa kuwa mama yake alikuwa anatapika njia nzima. Daktari wa spitali alimpima mwili mzima, akaagiza choo chake kitazamwe kwa darubini, wakakuta minyoo, akampa dawa ya minyoo. Kisha alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo madaktari wengi hawana wakati nalo.

"Minyoo ikitoka, mabaka huenda yakapungua, huenda yasipungue," alisema. "Nimeona watoto wa namna hii baada ya homa. Homa inakwenda zake, ngozi inabaki na hasira. Mwaka, miaka miwili, halafu inaacha."

"Kwa nini, bwana?"

"Sijui. Nikijua nitakuita. Lakini kama ni chakula, mama angekwisha kukijua chakula chenyewe, kwa sababu mtoto angekula na kuvimba saa ile ile. Mlishe. Anza na kidogo, na ukae naye."

Mzee Suleiman ndiye aliyenifundisha maana ya kukaa naye. Alifungua kabati, akanipa kichupa kimoja cha kioo cha adrenalini, dawa ya kufungua pumzi koo likivimba, akanionyesha kipimo cha mtoto kwa kuniandikisha mara tatu juu ya kiganja changu. "Sindano iwe imeshachemka kabla hajafungua mdomo," alisema. "Usianze kuwasha stovu mtu akiwa anakata roho. Na hiki kichupa nakitaka kirudi."

"Nikikitumia?"

"Basi urudi wewe, unieleze."

Yai la kwanza Asha alilila pale pale, kwenye baraza ya spitali, daktari akiwa chumba cha pili. Mzee Suleiman alikuwa amelinunua sokoni likiwa limeshachemshwa. Mtoto alilishika mkononi, akaligeuza, akamwuliza mama yake, "Ndani mna nini?" Alikuwa amesahau. Mzee Suleiman alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Halikumdhuru. Jioni, nyumbani, mabaka yalitoka kama yalivyotoka kila jioni.

Mwiko wa pili ulikuwa wa Mwalimu Makame, aliyefundisha watoto Kurani karibu na msikiti. Mwalimu alikuwa mzee anayejua kuandika kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwa maji mgonjwa akayanywa, kwa hati safi ajabu, na nilikwenda kwake nikiwa nimetayarisha maneno ya heshima. Sikufika nusu ya maneno yangu.

"Nazi?" alisema. "Miye nimemkataza mtoto nazi?"

"Na embe, mwalimu. Bi Mize anasema wakati wa kombe."

"Wakati wa kombe, ndiyo! Kombe lilikuwa la siku saba. Nilimwambia aache vitu vya moto, nazi na embe, siku saba, akimaliza anirejee. Hakunirejea, nikajua amepona." Alivua miwani. "Siku saba zangu zimekuwa mwaka?"

"Zimepita mwaka."

"Subhanallah. Mwite mama yake." Bi Mize alipofika, Mwalimu alimsomea mtoto, akampulizia kichwani, akasema mbele ya wanafunzi wake wote kwamba nazi na embe zimefunguliwa tangu zamani na kwamba aliyepewa kombe arejee, hata kama amepona, hata kama amekasirika. Wanafunzi walicheka. Mwalimu hakucheka.

Ukabaki mwiko wa samaki, na huo ndio uliokuwa na uzito. Mayai ya Tumbe yalikuwa ya kuhesabu, na kuku alichinjwa akija mgeni. Samaki ndiyo nyama ya kila siku. Na Bi Chumu, aliyeufunga mwiko huo, alikuwa ameshakufa. Mafua yalimwachia kifua kibovu na hakumaliza mwaka.

Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya Faki, na nakiri kwamba nilikuwa sina la kufanya. Nilifikiri kuwaambia mtu akifa mwiko wake hufa naye, lakini nilijua hawataniamini, na wakimlisha kwa wasiwasi, baka la kwanza litamrudisha kwenye muhogo. Bi Mize ndiye aliyeipata njia. Alikuwa anakuna nazi, nazi ya kwanza kukunwa kwa ajili ya Asha tangu lini, na alisema bila kuacha kukuna:

"Weye uliufungua ule wa mayai kwa sababu kiti unakikalia weye."

"Ndiyo."

"Basi mkoba wa bibi anao nani?"

Faki aliinua kichwa. "Mize, huendi huko."

Mkoba wa dawa wa Bi Chumu ulirithiwa na binti yake, Bi Riziki, dada yake Faki. Na Bi Riziki na Bi Mize walikuwa hawasemezani tangu tanga la marehemu, kwa sababu Bi Mize aliondoka msibani kabla ya siku ya tatu.

"Nakwenda," alisema Bi Mize. "Na bwana dakta anakuja. Akinifukuza, atamfukuza na mtu wa serikali."

Bi Riziki tulimkuta amekaa juu ya jamvi anasuka ukili. Aliipokea salamu yangu kwa heshima zote, akaniuliza habari za nyumbani, za kazini na za wazee wangu mmoja mmoja, na muda wote huo alikuwa kama hamwoni wifi yake.

"Wifi," alisema Bi Mize, "nimekuja."

"Nani huyo? Kumbe upo! Nilidhani ulihama kisiwa. Kwenye tanga la mamangu hukukamilisha hata siku tatu."

"Asha alivimba uso siku ile. Jicho moja halikuonekana."

"Ungenambia."

"Ungenisikia? Umezungukwa na watu, unalia. Ningekwambia nini, uache kulia nikusikilizishe habari za mwanangu?"

Bi Riziki alisuka kidogo. "Ungenambia," alirudia, lakini sauti ilikuwa nyingine. Kisha akanigeukia mimi. "Na weye bwana. Umekuja kunambia mamangu alikosea?"

Hili nililitegemea, nikamjibu ukweli. "Hapana, bibi. Aliona mabaka, akaona mtoto amekula pweza, akazuia. Miye ningekuwa yeye ningezuia pia. Nimekuja kuuliza alisema afunguliwe lini."

"Hakusema. Alikufa kabla."

"Basi kazi hakuimaliza. Mkoba unao weye."

Aliuweka ukili chini. "Haya, tuseme nimeufungua. Mtoto ale samaki, kesho atoke mabaka. Tumbe nzima itasema nini? Itasema mkoba wa Bi Chumu umemshinda Riziki. Hakuna atakayeniletea mtoto tena."

"Yatatoka," nikasema.

Bi Mize alinikanyaga mguu. Nikaendelea. "Yatatoka, bibi, kwa sababu yanatoka kila siku. Yanatoka akila muhogo, yanatoka akishinda na njaa. Usinisadiki miye. Njoo ukae naye siku tatu kabla hajaonja samaki, uone kwa macho yako yanatoka saa ngapi na amekula nini. Baadaye amua mwenyewe."

Bi Riziki hakuwa mtu wa kusadiki maneno, na hilo ndilo lililotusaidia. Asubuhi ya pili alihamia nyumbani kwa kaka yake na jamvi lake. Siku tatu alimlisha Asha kwa mkono wake, muhogo, nazi na yai, na siku tatu alimvua nguo kila baada ya sala na kumtazama kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Mabaka yalitoka siku zote tatu, zaidi jioni na zaidi baada ya joto. Siku ya tatu Asha alikuwa na mafua kidogo, na siku hiyo yalitoka kupita zote. "Kumbe," alisema Bi Riziki. 

Alhamisi mchana alipika tasi kwa tui. Nilikuwa nimekuja na stovu yangu kwa baiskeli. Sindano ilikuwa imeshachemka, na kichupa cha Mzee Suleiman kilikuwa juu ya kitambaa safi pembeni yangu. Bi Riziki aliuleta mkoba wa mama yake, akauweka mapajani, akasoma alichokisoma. Kisha akachambua kipande kidogo cha samaki, akatoa miiba yote, akaonja mwenyewe kwanza, na kingine akamtia mtoto mdomoni.

"Bibi yako alikukataza," alimwambia. "Miye nakufungulia. Kula."

Asha alitafuna. Tulikuwa watu wazima wanne tunaitazama shingo ya mtoto mmoja. Alimeza, akasubiri kidogo, akamwuliza shangazi yake, "Kingine kipo?"

Niliwaambia wasimpe zaidi kwanza. Nilikaa mpaka sala ya alasiri, nikihesabu pumzi zake, nikitazama midomo na kope. Hakukuwa na kitu. Akapewa kipande cha pili, kisha sahani. Nilirudi nyumbani na kichupa kikiwa kizima.

Ijumaa asubuhi nilirejea kumwangalia, na nikakuta watu ukumbini. Mnunuzi wa baiskeli alikuwa amefika kutoka Wete, fedha zimefungwa kwenye leso, na pamoja naye majirani waliosikia habari ya samaki. Katikati yao alisimama Asha, kifua wazi, mwili mzima umetapakaa mabaka. Faki alikuwa ameshika usukani wa baiskeli. Jirani mmoja alikuwa anasema, "Mwaona? Mwiko wa maiti huo. Haufunguki."

Nilifungua mdomo, lakini Bi Riziki alitoka jikoni na mwiko wa kupikia mkononi, na hakunipa nafasi.

"Nani kasema? Rudia!" Jirani akarudi nyuma hatua moja. "Juzi alikula muhogo, yakatoka. Siku ya kabla ya juzi alikula yai, yakatoka. Miye nilikuwepo, nimemvua nguo kwa mikono yangu. Ulikuwepo weye? Jana kala tasi, yametoka yale yale, saa zile zile. Samaki asisingiziwe! Mwiko wa mamangu nimeufungua miye mwenye mkoba, na mwenye shaka aje aniulize miye, si mtoto." Akamgeukia kaka yake. "Na weye Faki, Tanga unaendea nini? Unadhani huko hawatamfunga tena? Miye simfungi. Mwachie mtu baiskeli yake aende zake."

"Ni baiskeli yangu," alisema Faki.

"Basi vizuri zaidi."

Watu walicheka, na Faki akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Alimtazama mnunuzi, akaugeuza usukani kuelekea ufukweni. "Samahani, ndugu yangu. Nna kazi nayo."

Asha aliendelea kutoka mabaka msimu mzima wa karafuu na baada yake, na kila siku aliyotoka alikula. Niliwapa kalamini na, siku za mwasho mkali, kidonge cha kutuliza kilichomlaza kama mtu aliyetoka safari. Miguu ilijaa kwanza, kisha nywele zikarudi nyeusi. Mabaka yalipungua bila kutuaga. Siku moja Bi Mize alikuja kwa shughuli nyingine, nikamwuliza yalitoka lini mara ya mwisho, akafikiri, hakukumbuka. Kichupa nilikirudisha Chake Chake. Mzee Suleiman alikishika kwenye mwanga, akaona hakijafunguliwa, akakirudisha mahali pake kabatini, akaniuliza, "Jana amekula nini?"

"Pweza," nikasema.

Vijana wangu, tangu mwaka ule, kila nilipomkataza mtu kitu, nilimtajia hapo hapo siku ya kukirudia, na jina la atakayemfungulia kama mimi sipo. Bi Riziki pia alifanya hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, na wagonjwa wake walikuwa wengi kuliko wangu. Mkiwakuta watoto wenye mabaka yasiyokoma baada ya mafua, yatibuni kwa subira, na msimpokonye mtoto sahani yake kwa dhana tu.

Na aliyeniuliza nimeokoa nini, ajue kwamba uhai wa Asha siwezi kuuandika kwa jina langu, kwa sababu walioufungua ni wengi. Ninachoweza kukithibitisha ni baiskeli ya Faki, na bei yake ni kile alichokifungua mnunuzi kwenye leso yake, akakihesabu mbele yetu ili kumshawishi Faki, akakifunga tena na kuondoka nacho: shilingi mia moja na ishirini.